Vidonge kwenye Kikopo cha Filamu

Mpendwa Shangazi,

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti cha cherehani, maana ndicho kiti pekee humu ndani ambacho mdogo wangu hajawahi kukipiga picha, na nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujaanza kunigombeza, kwa sababu nakusoma gazetini kila Jumamosi na nakujua ulivyo, mtu hajamaliza kulia umeshamwambia apanguse kamasi.

Mimi ni fundi wa nguo, nashona sare za shule na mapazia, na chumba changu cha kazi ni kile kilichokuwa sebule ya wazazi wangu. Nilirudi hapa baba alipoanza kuugua, nikasema nakuja kwa muda mfupi tu, nikakaa jumla. Baba alilala kitandani muda mrefu, na mimi ndiye niliyemgeuza, niliyemwogesha, niliyemlisha kwa kijiko, niliyemnyoa ndevu huku akinitania kwamba namnyoa kama nakata kitambaa cha pazia. Tumezaliwa wawili tu. Wa pili ni mdogo wangu wa kiume, kitindamimba, ambaye tangu utotoni tunamwita Bwana Mdogo, na yeye ni mpiga picha, ila si wa harusi wala wa vitambulisho, ukimwambia hivyo ananuna siku nzima. Yeye anapiga picha za maisha ya watu kama yalivyo, anakwenda kukaa na wavunja kokoto au wafungwa waliotoka jela, anakula nao, analala kwao, miezi inapita, halafu picha zinatundikwa kwenye kumbi na watu wanazitazama huku wameshika glasi.

Ana sheria moja, na hiyo ndiyo dini yake: hagusi kitu. Hapangi mtu, hasogezi kikombe, hafungui pazia, hamwambii mtu cheka wala lia. Husema, "Dada, mimi nashuhudia tu. Nikigusa, si kweli tena." Anavaa viatu vya raba visivyolia, kamera ameizima sauti, anajikunja pembeni mpaka mnasahau kwamba yupo. Siku moja nikiwa jikoni nilimsikia baba akiita kwa sauti ndogo, nilipofika nikakuta ameteleza, kichwa kinaning'inia nje ya kitanda, na Bwana Mdogo amepiga goti pale pale karibu, jicho kwenye kamera. Nilimpandisha baba peke yangu, na nilipomuuliza we una akili kweli, akanijibu, "Usinikasirikie, Dada, kazi ndiyo hii." Baba akacheka, akasema tumwache, huyu mtoto alizaliwa jicho moja limefumba. Tukacheka wote, Shangazi, hata mimi. Sasa hivi sicheki.

Baba alikata roho asubuhi mimi nimemshika mkono, na picha ya mkono ule ndiyo iliyompa Bwana Mdogo jina. Unaona mkono wa baba juu ya shuka, na mkono mwingine juu ya mkono wa baba, basi, hakuna uso wa mtu, na chini yake imeandikwa "Baba, asubuhi ya mwisho". Ule wa juu ni wangu. Kucha ya kidole cha shahada imepasuka katikati kwa sababu sindano ya cherehani iliwahi kuipitia, na yeyote niliyewahi kumpima nguo anaijua kucha hiyo. Siku ya kufungua maonyesho nilivaa gauni nililolishona mwenyewe, nikajisogeza karibu na picha ile, si kwa kujionyesha, nilitaka tu kuwa karibu nayo, na mama mmoja mtu mzima mwenye miwani akamwendea mdogo wangu, akamshika bega machozi yakimtoka, akamwambia, "Pole sana mwanangu. Ulimshika mzee wako mpaka mwisho." Nikasubiri. Bwana Mdogo akainamisha kichwa, akasema, "Asante, mama." Mimi nikaenda chooni nikajifungia.

Baada ya hapo hatukumwona kwa muda mrefu. Nyumbani tukabaki mimi na mama, na mama alikuwa mzima, Shangazi, hilo lishike vizuri, ana presha kama watu wengi wa umri wake, anameza dawa asubuhi na jioni, anatembea mwenyewe, anaanika nguo, ananigombeza nikizidisha chumvi. Ila kila geti likigongwa anauliza, "Ni yeye?" Akimpigia simu anajibiwa, "Niko kazini, mama, nitakuja," na kazini ni mji mwingine kila mara. Nikimwambia mama tuzungumze mimi na yeye ananitazama kama mtu aliyeambiwa azungumze na kabati.

Kisha mama aliteleza bafuni akachubuka paji la uso. Nikampigia mdogo wangu, na kesho yake huyo hapo, na begi lake la kamera. Alipiga picha bandeji, akapiga sabuni iliyomtelezesha, akampiga picha mama akinywa chai, akampiga na akilala, na hakuondoka mpaka kidonda kikakauka. Mama alinawiri! Alisimulia habari ambazo mimi mwenyewe sikuwahi kuzisikia, alicheka, alikula akaomba aongezwe. Kidonda kikapona, Bwana Mdogo akafunga begi.

Hapo ndipo yalipoanza. Siku moja namsikia mama kwenye simu, "Mwanangu, miguu imekataa kabisa," miguu hiyo hiyo iliyokuwa imetoka uani kuanua nguo, na Bwana Mdogo akaja. Safari nyingine ni kifua, akaja. Nikaanza kuangalia kwa makini, nikaona kwamba siku ya kuja kwake mama anasogeza kiti chake mwenyewe mpaka dirishani, upande mwanga unakoingia, anavua miwani, anavua kitambaa cha kichwa ili mvi zionekane, ananiambia dawa niziache mezani nisizirudishe kabatini. Nilimuuliza, mama, vipi tena? Akasema, "Anapenda hivyo." Huyu mtu ambaye hajawahi kusogeza hata kikombe cha mtu, mama yake anamsogezea nyumba nzima kabla hajafika, naye anaingia na viatu vyake visivyolia, anapiga goti, anashuhudia.

Mwanzoni nilicheka peke yangu jikoni, nikasema mwache bibi aigize, anapata nini kingine. Lakini presha yake ikaanza kupanda. Tukaenda kliniki, daktari akaongeza dozi, haikushuka. Miguu ikavimba, safari hii kweli, na kizunguzungu kikaja kweli, akawa anashika ukuta akienda msalani hata siku ambayo hakuna kamera. Daktari akaongeza dozi tena, na mbele ya mama akaniuliza kama kweli nampa dawa kama alivyoandika. Niliapa. Nilijisikia kama mwizi.

Wiki iliyopita nilikuwa natafuta vifungo. Bwana Mdogo alipoanza kazi alitumia filamu, na vile vikopo vyeusi vya plastiki ambamo filamu hukaa aliviacha hapa nyumbani, tunawekea vifungo na sindano. Nikafungua kimoja kwenye kapu la mama la kufumia, nikakuta vidonge. Vilikuwa vimeshikana, rangi imechujuka, maana vilishaingia mdomoni vikatoka. Nikafungua cha pili. Nikafungua cha tatu, vilivyobaki nikaogopa kuvifungua.

Nikamwendea na kikopo mkononi. Hakukana wala hakuona haya. Akasema, "Nikiwa mzima haji."

"Mama, utakufa!"

Akanijibu taratibu, kama anayenielekeza njia, "Baba yako alipokuwa anakufa, mdogo wako alikuja kila siku."

Nikamwambia nampigia simu sasa hivi. Akanishika mkono, kwa nguvu, sikujua bado ana nguvu hizo, akasema, "Ukimwambia hatakanyaga hapa tena. Atasema nimemharibia kazi yake. Na wewe ndicho unachotaka. Tangu mdogo unamwonea wivu." Shangazi, ni kweli ninamwonea wivu. Nakuandikia kabisa ili usije ukaniambia nimekuficha. Namwonea wivu mtu anayeingia humu mara moja moja akapokewa kama mvua, wakati mimi kila siku namwaga maji ya kuogea, na mara nyingine nikiwa napiga pasi nawaza kwamba siku nikifa mimi atakuja kupiga picha pasi.

Sasa mwezi ujao anafungua maonyesho mapya, ya mama. Bango limeshachapwa, amenitumia kwenye simu: mama dirishani, mvi wazi, mkono kifuani, chini yake sifa za mpiga picha ambaye kamwe hampangi mtu. Ameniomba nimvalishe mama vizuri nimpeleke ukumbini kwa kiti cha magurudumu, atakikodi yeye. Nikimwambia ukweli nimemnyang'anya mama mwanawe, na mwanawe nimemnyang'anya kazi. Nikinyamaza, namuua mama polepole kwa mkono ule ule uliomshika baba. Nikipiga marufuku kamera, begi halitakuja, na begi lisipokuja mwenye begi haji, na mama atatafuta njia nyingine ya kuumwa. Kila upande nimefungwa. Nifanye nini?

Wako,
Mwenye Mkono Ule

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu Mwenye Mkono,

Uliandika namba ya simu nyuma ya bahasha, nikakupigia, hukupokea, bila shaka cherehani ilikuwa inaunguruma. Basi soma hapa hapa, na ukifika mwisho wa aya ya pili weka gazeti chini ufanye nilichosema, mengine utayasoma ukirudi.

Chukua vikopo vyote, hata ulivyoogopa kuvifungua, uvipeleke kwa daktari leo. Umesema dozi imeongezwa, kisha ikaongezwa tena. Imeongezwa na mtu anayeamini mama anameza. Mama akishtuka leo akaanza kumeza zote hizo kwa utiifu, presha inaweza kushuka ghafla akaanguka, na hapo hatutazungumzia paji la uso. Usipunguze kwa akili yako, usiongeze kwa akili yangu. Mimi ni mwandishi wa gazeti na wewe ni fundi wa nguo. Mwambie daktari neno kwa neno: alikuwa anatema. Haya, nenda.

Umerudi? Sasa nikugombeze. Wiki nzima, mwanangu! Umekuta mama yako anatema uhai wake kwenye kikopo, ukarudisha kifuniko, ukakaa chini kunitungia barua ndefu kuhusu gauni na glasi na mama mwenye miwani. Nimeisoma yote na imeniuma, sitakuficha. Lakini nusu ya barua ni mkono wako na robo tu ni dawa, na mpangilio huo ndio uliokupotezea wiki.

Tumalize la mkono, kwa sababu najua hutanisikiliza mpaka nimelitaja. Ni wako. Kila aliyelia mbele ya picha ile alipaswa kujiuliza mpiga picha ana mikono mingapi. Kamera ile inashikwa kwa miwili. Mdogo wako hakuwa na mkono wa kumshika baba yake, na alipoitikia "asante" alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote ukumbini. Ila na wewe ulikuwa na mdomo. Ulipaswa kusema, "Mama, huo ni mkono wangu," maneno matano, ukarudi nyumbani ukalala. Badala yake ulikwenda chooni, na tangu siku hiyo hasira ile unaibeba kutoka chumba hadi chumba, na mama yako, ambaye si mjinga, anaiona, ndiyo maana amepata cha kukunyamazishia. Wivu wako una haki yake. Nenda nao sokoni, lala nao, lakini usiulete kwenye dawa.

Mama yako hajarukwa na akili. Usimwite mwongo wala usimwite mtoto. Amemtazama mwanawe kwa makini kuliko mwanawe alivyowahi kumtazama yeye, akagundua kinachomleta, akaanza kukitengeneza kwa bidhaa aliyonayo, yaani mwili wake. Mimi nilipofika hapo niliisukuma barua pembeni, sikuweza kuendelea. Mwambie unajua, na kwamba kuanzia leo dawa atameza mbele yako, na utasubiri. Atanuna. Kisha umwambie na lile ulilonieleza mimi, kwamba anakutazama kama kabati. Umwambie yeye, kwa sauti, mchana kweupe. Inawezekana hajui. Inawezekana anajua na hajali, na hapo utalia, lakini utakuwa umeacha kubahatisha.

Kuhusu Bwana Mdogo, umwambie. Usimtumie ujumbe, mpigie, na mama asiwe karibu. Sema hivi na usipambe: "Mama anatema dawa ili aumwe, ili uje. Anakuwekea kiti dirishani. Sasa ameanza kuumwa kweli." Halafu unyamaze. Usitaje mkono wala glasi, usimtaje baba. Akiuliza kuhusu maonyesho, mwambie bango ni lake, ukweli ni wake, ataamua mwenyewe kama anaweza kusimama chini ya sifa zile. Wewe hujamnyang'anya kazi. Kazi yake iliharibika siku mama alipoanza kusogeza kile kiti, na yeye mwenye jicho hakuona. Wala mama hatakwenda ukumbini kukaa kwenye kiti cha magurudumu cha kukodi. Hilo halina mjadala.

Na wewe Bwana Mdogo, kama unasoma hapa: unasema hugusi kitu. Kila ulipoingia na begi lile mama yako aliacha kutembea, na kila ulipoondoka alitema kidonge. Hakuna aliyemgusa mwanamke huyu kuliko wewe, hata daktari wake hajafikia.

Dada mtu, sitakudanganya kwamba atakuja. Wapo watu ambao ukiwanyang'anya kamera hawajui waingie chumbani na kitu gani. Asipokuja, mama atalia, na lawama zote atakutupia wewe kwa sababu wewe ndiye uliyepo. Mwache alie, kaa hapo hapo, huku ukitazama kama amemeza. Mama mzima aliyekununia ni bora kuliko ile picha dirishani ambayo watu watakuja kukupa pole mbele yake.

Lakini akija, mpokee mlangoni. Begi livue begani mwake ulifungie kwenye chumba cha cherehani. Usimwachie nafasi ya kukaa pembeni. Mkono mmoja mpe glasi ya maji, mkono wa pili mpe kidonge, mwambie amnyweshe mama yake, asubiri ameze, kisha amwombe afungue mdomo atazame chini ya ulimi. Jicho analo. Mikono yake yote miwili ikishajaa hivyo, ndipo umfungulie mlango wa chumba cha mama.

Shangazi